Nyumba ya Watu wa Kusoma

Nyumba ya kaburu tuliinunua pamoja na shamba, na mabati yake, na mbwa moja ambaye alikataa kuenda na wenyewe. Ilikuwa nyumba ya mawe, sakafu ni mbao, na chumba moja kubwa yenye mahali pa kuwasha moto ndani ya ukuta. Wakati kampuni yetu ya kununua mashamba ilipima shamba na kila mtu akaonyeshwa kipande chake, hiyo nyumba ilibaki katikati bila mwenyewe. Hakuna mtu angepewa peke yake na wengine wakose kununa. Ikawa ya wote, na kitu ya wote unajua vile inakaa. Kuku walikuwa wanataga ndani ya bafu.

Wanawake ndio tuliifagia, kwa sababu tulikuwa tunatafuta mahali pa ngumbaru.

Ngumbaru ni ile shule ya watu wazima, ya jioni, wakati ng'ombe amekamuliwa na moto wa chakula bado. Sisi wengine tulifika kwa hii shamba, upande wa Soy, tukiwa tumezaa, tumelima mashamba ya watu miaka mingi, tumepita Emergency ya wakati wa Mau Mau, na hatujui a wala b. Mwalimu wetu alikuwa karani pale stoo ya mahindi, mtu wa Western, mpole sana, anakuja na baiskeli akitoka kazi. Alituambia mapema: "Mama zangu, mimi nitafika hapa kwa nyumba ya kaburu. Zaidi ya hapa siwezi, narudi na giza." Na sisi hatungeweza kumfuata mpaka Soy, kupita katikati ya miti ya miwati na usiku umeingia. Wazee wetu walikubali tusome karibu, mahali wanaweza kutuita na wakasikika. Kwa hivyo hiyo chumba ikipotea, ngumbaru imekufa, na hakuna mtu angeifufua. Hiyo uielewe kwanza.

Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati. Tulivunja mawe ya betri za tochi zilizokufa, tukasaga, tukapaka mpaka ukawa mweusi kabisa. Chaki tulikuwa tunagawana vipande kama sukari. Mimi nilikuwa na haja yangu moja kwa Mungu. Nilibatizwa nikiwa msichana, nyimbo nilijua zote kwa kichwa, lakini Biblia nilikuwa naibeba tu kwa kwapa kama mtu amebeba mtoto wa jirani. Nilikuwa nimemwambia Mungu, nisife kabla sijaifungua na ikaongea na mimi bila mkalimani. Wakati hii maneno ilianza nilikuwa nimefika kuunganisha herufi, kidole chini ya neno, mdomo ukitembea.

Basi siku moja chairman wa kampuni alituita wanachama wote pale nje kwa nyasi. Alikuwa na mzungu. Si wale tulizoea, wa kofia na farasi. Huyu alikuwa mwembamba, viatu vya vumbi, na miwani amefunga na uzi. Akatusalimia kwa Kiswahili ya kitabu.

"Hamjambo, mabibi?"

Karibu na mimi alikuwa amekaa Shosho, ndiye mkubwa wa umri kwa darasa letu, mjane, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Bibi wa nani?" akauliza.

"Shosho, nyamaza. Ni mgeni."

"Mgeni ndiyo, lakini aseme ni bibi wa nani. Mzee wangu alishakufa. Mimi naweza kufikiria."

Wanawake wakacheka mpaka chairman akagonga chini na fimbo. Mzungu akacheka pia, ingawa hakujua ni nini. Halafu akasema ile neno.

"Mimi ni mtu wa kusoma," akasema. "Nimetoka chuo kikuu huko ng'ambo. Tuna kituo chetu cha kusoma, na tunataka kukaa hapa pamoja na nyinyi. Watu wa kusoma watakuja, watakaa, watasoma."

Mimi roho yangu iliruka. Kwetu Central, wakati misheni zilikuja na kitabu, mtu akibatizwa watu wanasema amesoma. Mtu wa kusoma ni Mkristo. Hata kama hajui herufi moja, akitupa pombe na akianza kuenda kanisa, huyo ni mtu wa kusoma. Wale wa Western walisema kwao ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mzungu akisema yeye ni mtu wa kusoma, na wenzake ni watu wa kusoma, sisi tulisikia nini? Tulisikia misheni imekuja mpaka mlangoni.

"Bwana asifiwe!" nikaitikia.

Akaangalia huku na huku, halafu kwa heshima akasema, "Asifiwe."

Hapo ikaisha. Chairman akauliza, "Nani anakubali nyumba ipewe watu wa kusoma?" Mikono ikaenda juu. Wanawake wengine waliinua miwili.

Wiki hiyo lori lilileta vitanda, meza, na masanduku ya vitabu ambayo watu wanne walikuwa wanabeba moja. Kwa geti wakasimamisha kibao cha rangi nyeupe, maandishi meusi. Mwalimu wetu alitusomea: Kituo cha Kusoma, na chini yake jina ya chuo. Mimi nikaweka kidole juu ya hiyo KU, nikaendelea mpaka mwisho, na nikasema kwa roho, huyu Mungu hachelewi.

Jumapili tukavaa leso za kichwa nyeupe, tukakata maua yale kaburu aliacha kando ya veranda, tukaenda tukiimba. Tulifika kwa mlango tukiwa kwa ubeti wa mwisho. Mzungu akatoka na kaptura, uso nusu ni sabuni, wembe mkononi.

"Bwana asifiwe!"

"Eee... asifiwe."

"Ibada tunaanza saa ngapi, Pasta?"

"Pasta? Pasta yuko wapi?" Akaangalia nyuma yake.

"Si ni wewe?"

"Hapana, hapana. Mimi ni Profesa."

Mimi nikasimama mbele, maua mkononi. "Kwani si ulisema wewe ni mtu wa kusoma?"

"Ndiyo. Ninasoma."

"Unasoma nini?"

"Ninasoma nchi."

"Nchi inasomwa aje?"

Akakaa chini kwa ngazi, sabuni ikianza kukauka. Akatueleza polepole, akitafuta maneno. Huko kwao, chuo kikuu imeweka nyumba nzima ya watu ambao kazi yao ni kuelewa nchi moja ya kigeni. Wanasoma lugha yake, mvua yake, vile watu wanaoa, vile wanagawana ardhi. Hawa ndio walimtuma.

"Na hiyo nchi ya kigeni ni gani?" nikauliza.

Akaona haya kidogo. "Ni hii," akasema. "Kenya."

Shosho akaweka mkono kwa kichwa. "Wuui! Kumbe mgeni ni mimi! Nimekuja na lori, nikanunua, nikang'oa miti na hii mikono, na bado mimi ndio wa kigeni!"

"Kwangu mimi, mama," Profesa akasema haraka. "Kwangu mimi tu."

"Na wewe kwangu uko aje?"

"Mimi pia ni wa kigeni."

"Basi tuko sawa. Futa sabuni."

Nikasema, tumeshafika, hatuwezi kurudi na maombi kwa mfuko. Tukaomba pale pale kwa veranda. Alisimama na sisi mpaka amina, wembe akiwa ameuficha nyuma.

Nilirudi nyumbani nikicheka, lakini nikipika nikaanza kuwaza, na nilivyowaza nikajisikia nimerefuka. Bendera yetu ilikuwa bado mpya. Juzi tu kaburu alikuwa anatuhesabu asubuhi kwa mstari, na kama umechelewa anakuita kwa filimbi. Leo watu wa ng'ambo wameacha mambo yao, wamejenga kituo, wanalala na vitabu, kwa sababu ya kutaka kujua sisi tunaishi aje. Mtu hasomi kitu ya bure. Nilimwambia mzee wangu alipokuja Jumamosi, kwa maana alikuwa na duka ndogo Eldoret na anakuja nyumbani wikendi. Akacheka, akasema, "Basi osha uso vizuri, unasomwa."

Furaha yangu haikukaa. Siku moja tuko darasani, mwalimu ameandika mstari mzima, chairman akaingia bila kugonga.

"Mama, hii ubao mtaitoa," akasema. "Profesa analetewa makabati ya chuma kwa karatasi zake. Ameomba nyumba, nimempa nyumba. Si nusu."

"Na sisi tuende wapi?"

"Nyumbani. Si kuna kazi huko?"

"Mzee, tumefika katikati ya kitabu."

"Ng'ombe wanakufa na kupe, nyinyi mnaimba a e i o u. Kodi ya huyu mtu ndiyo itajenga josho. Mnataka kusoma ama mnataka maziwa?"

Mwalimu alikuwa anapangusa chaki kwa vidole, kidole moja moja. Yeye hakuwa na hisa kwa shamba, angesema nini? Chairman akaenda mpaka mlango, akageuka.

"Mkutano ni Jumamosi. Mkitaka kulia, mlie huko."

Akatoka. Shosho akafunga kitabu chake kwa kitambaa, vile alikuwa anafunga kila siku, lakini safari hii alifunga mafundo mawili. Akaniangalia. Wote wakaniangalia. Sijui kwa nini watu huniangalia mimi.

Siwezi kudanganya kwamba niliongea na Mungu maneno mazuri hiyo wiki. Niliongea naye nikikamua, nikichota maji, nikipalilia. Nilimwambia: wewe ndiye ulinionjesha, sasa usininyang'anye kijiko. Nilirudia hayo maneno mpaka ng'ombe akayazoea. Na Ijumaa, nikiwa kwa mtaro, jibu likaja, tena lilikuwa limekaa karibu hivyo nikashangaa vile sikuliona. Niliacha jembe nikacheka peke yangu.

Jumamosi watu walijaa. Wanaume mbele kwa viti na magogo, sisi nyuma kwa nyasi. Mzee wangu alikuwa amefika kutoka Eldoret. Profesa alikaa kando kwa ngazi, daftari kwa goti. Chairman akaongea kuhusu josho, na aliongea vizuri, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, kupe zilikuwa zimemalizia hata yeye ndama. Akamaliza hivi: "Kwa hivyo nyumba ni ya Profesa, na darasa limefungwa. Kuna mtu ako na neno?"

Nikasimama. Siku hizo, mbele ya wanaume, mwanamke alikuwa hasimami kama hajaitwa.

"Mzee chairman, unakumbuka siku ya kuinua mikono uliuliza nini?"

"Niliuliza kama nyumba ipewe Profesa."

"Hapana, mzee. Uliuliza kama ipewe watu wa kusoma. Ni mimi peke yangu nilisikia?"

Watu wakanong'ona. Mzee moja huko mbele akasema, "Ni ukweli. Alisema watu wa kusoma."

"Sasa mimi nauliza tu," nikasema. "Mimi nimebatizwa, kwa hivyo ni mtu wa kusoma. Jioni niko kwa ubao, ni mtu wa kusoma tena. Profesa naye ni mtu wa kusoma, ingawa yeye anasoma sisi. Nyumba mlipatia watu wa kusoma, nyote, na mikono yenu. Mimi naona tulipewa pamoja."

Mahali pakacheka. Chairman hakucheka.

"Mama, unacheza na maneno."

"Sichezi, mzee. Mimi nimeanza kuyajua juzi. Bado nayaogopa."

"Na josho?"

"Josho ijengwe. Kodi ichukuliwe. Mchana iwe yake, jioni iwe yetu. Na mimi siombi kama mgeni. Niko na hisa kwa hii shamba, kwa jina yangu."

Mwanaume moja akaita kutoka kwa magogo, "Bwana yake ako wapi? Aambie bibi yake akae!"

Mzee wangu akasimama. Mimi nikaangalia chini, kwa sababu hatukuwa tumepanga kitu.

"Mimi niko hapa," akasema. "Niko na hisa moja. Huyu ako na yake. Yangu bado sijatumia, ametumia yake." Akakaa.

Walicheka mpaka mbwa wa kaburu akaanza kubweka. Na wakati wanacheka, Profesa akainua mkono kama mtoto wa shule, akaomba ruhusa. Akasema yeye hakuambiwa kuna darasa, kwa maana kila jioni alikuwa bado mashambani kwa watu, akirudi usiku anakuta ubao tu. Alifikiria ule ubao uliachwa na mwenye nyumba. Alisema makabati yanaweza kusimama kwa ukuta, hayali nafasi, ila aliomba tu mtu asiguse karatasi zake.

"Na wewe usiguse chaki," Shosho akamwambia.

Chairman akaangalia watu wake, akaona mkutano umeshaamua kabla ya yeye kuuliza. Akauliza hata hivyo. Mikono ikapanda, ya wanaume wengi pia, na yake ikapanda mwisho, polepole, lakini ilipanda mpaka juu. Halafu akasema kwa sauti, "Kabati zingine ziende kwa ile chumba ya kuku." Hiyo ilikuwa njia yake ya kukubali, na sisi tukampigia makofi. Josho ilijengwa. Ng'ombe wangu waliogelea huko miaka mingi.

Kutoka hiyo siku tulisoma na makabati ya chuma kwa ukuta. Profesa alikuwa na taa ya karabai, akatuazima, na mara ya kwanza ilipowashwa Shosho alisema sasa ameona sura ya mwalimu, na kumbe ni mtu mzuri, kwa nini hajaoa. Wenzake Profesa walikuja, wakakaa, wakaenda. Walipima mashamba, wakauliza juu ya mahindi, wakakaa jikoni kwetu wakikohoa moshi. Mimi nikamaliza kitabu cha kwanza na cha pili. Kabla mvua ya mwaka uliofuata nilisimama kanisani nikasoma somo la siku hiyo, mistari saba, na sikuruka neno. Mchungaji aliniangalia muda mrefu, na mimi nikamwangalia.

Kisha ikafika zamu yangu ya kuulizwa. Walikuwa na karatasi ndefu ya maswali. Mtu wao anasoma swali, wewe unajibu, anaandika yeye kwa Kiingereza. Profesa alikuja mwenyewe kwangu, akakaa kwa stuli, akafungua kalamu.

"Mama, tuanze. Ulikuja hapa kwa nini?"

"Niachie hiyo karatasi," nikasema.

"Nikuachie?"

"Nitaandika mwenyewe. Mkono wangu haujalala."

Akafunga kalamu yake, halafu akaifungua tena akanipa.

Niliandika siku nyingi, nikitoka shambani, kwa meza ya kukatia mboga. Niliandika vile tulitoka kwetu bila ardhi, vile nililala kwa lori juu ya mabati, vile asubuhi ya kwanza hapa niliona nyasi nyeupe na baridi nikafikiri ni chumvi. Swali la watoto wangapi lilinisumbua. Mimi ni mtu wa maombi, siogopi miiko, lakini kwetu mama hahesabu watoto kama mifuko. Niliandika: wa kutosha.

Kabla ya kurudisha nikaisomea darasa, nimesimama pale mbele chini ya karabai. Nilifikiri watanyamaza.

"Umesahau ile baridi ya kwanza ilituua kuku," moja akasema.

"Na mtoto wangu alizaliwa kwa lori. Andika."

"Siandiki ya mtoto wako," nikasema. "Wewe uko na mkono. Andika wewe."

Kalamu ikatoka kwangu ikaenda kwake, na kutoka kwake kwa mwingine. Mwalimu aliongeza karatasi kutoka kwa kitabu chake mwenyewe. Kuna aliyeandika mstari moja, kuna aliyejaza ukurasa na akageuza. Herufi zingine zilikuwa kubwa kama viatu, zingine zilipanda mlima mpaka zikatoka kwa karatasi. Mwalimu alitaka kurekebisha, tukamkataza.

Profesa alikuja kuchukua, akakuta badala ya karatasi moja ni rundo. Alisimama kwa mlango akisoma moja moja. Mimi nilijua alikuwa anasoma kweli.

Aliyebaki ni Shosho. Alikuwa bado ameinama, ulimi nje, kalamu ameishika kama panga. Tulingoja. Alipomaliza alimpa Profesa mwenyewe, na mikono miwili, vile mtu anapeana sadaka.

Ilikuwa imeandikwa: Ngombe yangu ni mzuri.

"Ni hiyo tu, mama?" Profesa akauliza.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi weka kwa kabati," Shosho akasema. "Peleka huko kwenu, wajue."

Akaweka juu ya zingine zote, akafunga kabati na ufunguo, na sisi tukarudi kwa benchi, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshaandika somo la siku hiyo na giza lilikuwa linaingia.